Mkwezi wa Kivinje aliyekatwa pumzi na sigara

Saa moja asubuhi, Kilwa Kivinje. Abdurahmani Likoko, mwenye miaka arobaini na sita, anavaa kamba miguuni, anaukumbatia mnazi na kuanza kukwea. Akifika nusu, anapiga mluzi.

"Zamani hapo nilikuwa nakohoa," anasema baada ya kushuka na madafu ya mteja. "Sasa hata pumzi ya mluzi inabaki."

Miaka ya uhaba wa bidhaa alivuta kidogo bila kupenda, kwani madukani hakukuwa na sigara wala kiberiti. Biashara ilipofunguliwa zikaja sigara za kila rangi, naye akafikia pakiti nzima kwa siku. Minazi aliyoweza kuikwea ikapungua kutoka thelathini kwa siku hadi kumi na miwili.

Machi mwaka huu alikwama juu ya mnazi wa Bi Kadija. Kikohozi kilimbana, macho yakaingia kiza, akang'ang'ania shina.

"Abdurahmani! Unaangua nazi au unazisomea dua?" Bi Kadija aliita.

Watu wakajaa. Mmoja akashauri aitwe mkwezi amteremshe.

"Mkwezi si ndiye huyo aliye juu!" akajibiwa.

Alishuka mwenyewe baada ya karibu saa nzima. "Niliogopa kufa," anakiri. "Tena mbele ya wateja!"

Kwenye zahanati, mganga Kornelio alimweleza kuwa moshi wa sigara una lami inayoganda mapafuni na kuleta kansa, nikotini inayomfunga mtu asiweze kuacha, na hewa ya sumu kama ile ya bomba la gari, inayoinyima damu oksijeni.

"Kumbe miaka yote nanyonya bomba la lori?"

"Tena kwa pesa yako, mzee," alijibu Kornelio.

Akaacha siku ileile. Mkewe, Mwanaima, hajaisahau wiki ya kwanza.

"Aligombana na mimi, na majirani, mpaka na kuku. Nikamwambia, baba Sauda, nenda kakae huko minazini, hamu ikiisha ndiyo uteremke."

Alitafuna muhogo mbichi kila hamu ilipomjia. Leo, miezi minne baadaye, anakwea minazi ishirini na mitano kwa siku.

Anatarajia kuendelea na kazi hiyo mpaka binti yake wa mwisho amalize darasa la saba, miaka sita ijayo. Anasema ataweza. Kisha anautazama mfuko wa shati la mwandishi, anameza mate na kurudi nyuma hatua mbili.

"Ila hiyo pakiti yako, ndugu mwandishi, naomba uondoke nayo. Miezi minne bado michache."