Maji ya Kusuuza kwenye Mafunjo ya Kavoi

"Shosho, nimesema nitamwambia Kavoi Jumapili."

"Jumapili Makau atakuwa ameshafukuzwa. Itamsaidia nani, kuku?"

Nafuna akanigeuzia mgongo, akakamua shuka kama ni shingo yangu. Tangu asubuhi nilikuwa nimemkalia hapo kwake mtaani Kongo kama kupe.

Nafuna hufulia watu wa mtaa wa Satellite nguo, na hajui kumwaga maji. Hapa maji tunanunua kwa mtungi, kwa hivyo maji ya kusuuza kwanza hupiga deki, ya pili huenda choo, na ya mwisho, yale yanayoonekana safi, hupewa chochote chenye mizizi. Sote tunafanya hivyo.

Jirani yake Kavoi hupanda nyasi za maji, za kuuzia watu wenye vidimbwi vya maua. Ana mapipa yaliyokatwa katikati, matope chini, kokoto juu, na mafunjo yamesimama nywele timtim. Sidanganyi: yalikuwa marefu hadi ndege za uwanja wa Wilson zilikuwa zinainua miguu zikipita. Akienda Kitui kumzika mamake, alimwambia Nafuna, "Maji yasishuke chini ya kokoto. Wewe ndiye ninakuamini."

Mifereji ikakauka. Nafuna alikuwa amebaki na maji ya kusuuza tu, ya yunifomu nyeupe za nesi fulani, nazo alikuwa amezitia dawa ya madoa. Akanusa, akaona yako sawa, akajaza mapipa.

Kavoi alirudi akapata mafunjo yamegeuka rangi ya majani makavu. Vyura walikuwa wamehamia mtaa wa Gatwekera. Niliwaona na magodoro kichwani.

Nafuna hakuulizwa hata swali. Kavoi alimwendea Makau, anayeosha pikipiki kando ya mapipa, akamlaumu kwamba ndiye aliyemwagia nyasi oili. Sasa alikuwa ameenda kuita keateka anayesimamia nyumba zetu, amtoe Makau kwa ploti.

"Kavoi aliniletea ndengu za kwao," Nafuna akasema, bado amenipa mgongo. "Ati asante kwa kuchunga. Nimezipika, Derrick na wadogo zake wamekula. Mimi hazipiti kooni."

"Na Makau akitupwa nje na bibi yake mjamzito, ndio zitapita?"

"Wewe Shosho nawe. Si ulishika ndoo upande mmoja?"

"Nilishika nisianguke. Mimi ni mzee."

"Ulisema, mwaga mama, hata mimea inapenda kunukia."

Nilisema. Nikatafuta uongo mzuri wa kujifunika, na mimi huwa sikosi, lakini siku hiyo nilikosa.

"Basi twende wote," nikamwambia. "Nitaanza mimi."

"Mtu ametoka kuzika mamake. Nitaanzia wapi kumwambia ni mimi nimemuulia..."

Mlango ukasukumwa. Makau akaingia, mikono bado ina povu.

"Mama Derrick, keateka amefika na Kavoi. Hawanisikii. Wewe ndiye ulikuwa unachunga hayo mapipa. Njoo uwaambie kama uliwahi kuniona nikimwaga oili."

Nafuna akaachilia shuka, likarudi ndani ya beseni. "Twende, Shosho," akasema, "ulisema utaanza wewe."