Mlolongo Niliodhani ni Wangu

Shule niliacha darasa la tatu, lakini kuhesabu watu najua, na hapo ndipo aibu yangu ilianzia.

Miaka hiyo ya tisini nilitaka sana uenyekiti wa kituo chetu cha majani chai, karibu na Kiptere. Kura ilikuwa ya mlolongo: wanaokutaka wanapanga mstari nyuma yako. Mpinzani wangu alisimama kwa bendera ya shule. Mimi, kwa sababu ya goti (ng'ombe alilipiga teke, hiyo ni hadithi ingine), nilisimama penye kivuli, nikishika mlango wa holi ya shule.

Watu wakaja! Wengine walitoka Kapkatet, wengine Chepseon. Nikasema kumbe sifa zangu zimefika mbali hivi. Nilihesabu mpaka mia moja nikachoka. Kwa bendera walikuwa tisa.

Nikavua kofia, nikashukuru. Nikaahidi pia kufukuza wale watatu wa muziki wa roki, wanaozungusha magitaa ya umeme sokoni kwa punda, bila tajiri wa kuwashika mkono, wakiharibu watoto wetu. Watu wakacheka sana. Nikadhani ni furaha.

Mlango ukafunguka. Msichana akatoka na vijiti vya ngoma, na nyuma yake kaka zake wawili na magitaa.

"Boiyot, mzee wetu, wewe ndiye wa kwanza leo? Basi ingia bure!"

Nikageukia wapiga kura wangu. Kila mmoja alishika tiketi. Wa nne kwenye mstari alikuwa mke wangu.

"Baba Cheruto," akasema, "ingia ama utoke kwa mlango. Unatuchelewesha."