Mama Mweupe wa Ukutani

Mama yangu alikuwa mweusi. Naanza na hilo kwa sababu picha yake kubwa iliyoko sebuleni kwangu, hapa Mtoni, inasema uongo.

Alipofariki tulihitaji picha ya kuweka mbele ya jeneza. Kaka yangu alikuwa nayo moja tu kwenye simu, mama kajitanda kitenge, ametoka kanisani. Akaipeleka studio ikuzwe. Mpiga picha, kwa nia njema kabisa, akamsafisha mama. Ndivyo wanavyomfanyia kila mtu: maharusi, wahitimu, hata marehemu. Akamwondoa mikunjo, akamng'arisha mpaka akawa rangi ya chai ya maziwa. Msibani watu wakasema amependeza. Nilikuwa na uchungu, nikaona si wakati wa kugombania rangi. Baadaye simu ya kaka ikaibiwa, na ile studio sasa ni banda la chipsi. Tukabaki na yule mama wa ukutani.

Nautamani uso wake halisi mpaka naumwa. Nautafuta kichwani, unakuja vipande vipande: shingo yake nyeusi ikiwa na jasho la jikoni, fizi nyeusi alizokuwa akijisifia, chale mbili ndogo shavuni, za kwao kusini. Picha imezifuta hata hizo. Siku nyingine nafumba macho nimwone, anayekuja ni yule wa studio. Siku hizo huwa sisemeshwi.

Mtoto wa kaka yangu anakaa kwangu ili awe karibu na shule. Yuko kidato cha kwanza, mweusi wa kung'aa; bibi yake alimwacha bado mchanga. Wenzake wamempa jina la Mkaa, naye huitika na kucheka nao, maana asipocheka watazidi. Sikujua lilivyokuwa likimuuma mpaka siku nilipofungua begi lake kutafuta sare ya kufua, nikakuta kikopo cha mkorogo wa kujichubua, ule wa kuchanganywa mtaani, hauna hata jina. Nilifoka. Mie nikikasirika nasikika mpaka nyumba ya tatu. Yeye akasubiri nimalize.

"Shangazi, nikuulize kitu?" akasema. "Baba na mama maji ya kunde. Wewe maji ya kunde. Bibi mweupe vile. Sasa mie mlinitoa wapi?"

Hasira zote zikaniisha. Nilikuwa nimedhani ni mambo ya urembo, kumbe mtoto anajiuliza kama ni wetu.

"Umefanana na bibi yako," nikamwambia. "Kila kitu."

Akatazama ukutani. "Unanibembeleza tu."

Ile picha niliitundika mwenyewe, nikaiwekea na maua ya plastiki. Nilipiga simu kwa ndugu wote, mpaka Masasi. Hakuna aliyekuwa na nyingine. Mama hakupenda kupigwa picha. Kila nilichomweleza yule mtoto, alijibu "sawa, shangazi" huku akitazama vidole vyake. Alikuwa anaondoka mikononi mwangu, na yuko palepale kwenye kochi.

Jumamosi moja akaja mgeni. Ni mama aliyekaanga vitumbua na mama yangu miaka mingi, kabla mwanawe hajamhamishia Madale. Msibani hakufika, alikuwa amelazwa, na tangu hapo hatukuwa tumeonana. Mtoto akaenda kumfungulia.

"Shikamoo, bibi."

Marahaba haikutoka. Yule mama aliangusha mfuko wake wa ndizi, akamshika mtoto mashavu yote mawili.

"Yesu wangu! Mwenzangu huyu! Hebu geuka. We! Mpaka kisogo! Cheka nione."

Mtoto akacheka kwa aibu.

"Na fizi zake zilezile!" Akaanza kulia palepale mlangoni, huku akimpangusa mtoto uso kana kwamba anayelia ni yeye.

Tukamketisha, tukampa maji. Alipotulia akatazama ukutani, akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, ya adabu:

"Na huyu mama mweupe ni nani? Mkwe wenu?"

Mtoto alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu. Na mie nilitaka kucheka, nikashindwa, nikakimbilia jikoni kujifanya nabandika chai.

Akanifuata.

"Shangazi, unalia?"

"Nalia."

"Sasa unalia nini? Si kasema nimefanana naye?"

"Ndiyo hicho ninacholilia." Nikaweka sufuria chini. "Nakuonea wivu. Mie nimetoka tumboni mwake, nikachukua sura ya baba. Najitazama kwenye kioo nimtafute, simpati. Wewe umepewa uso wote, unaunawa kila asubuhi, halafu unaupaka mkorogo."

Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwonea wivu kwa lolote. Alisimama pale akinitazama, kisha akasogea mpaka dirishani penye mwanga, akanyanyua kidevu.

"Basi niangalie, shangazi," akasema. "Angalia mpaka utosheke."