Asubuhi Tuliyovuka kwa Ngoma

Kuna Jumatatu moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu, hiyo sitaisahau. Nimeikumbuka jana ulipoingia hapa umenuna, ukaniambia vijana wenzako wa mtaa wa Fedha wameacha kudai kivuko cha barabara kwa sababu mlichekwa mtandaoni. Kuchekwa tu! Haya, keti. Chai iko kwenye chupa, jimiminie mwenyewe, mimi magoti yamekataa.

Wakati huo nilikuwa mama mchanga, nafanya kazi katika kiwanda cha ndoo za plastiki kule mtaa wa Baba Dogo. Wanjiku wangu ndio kwanza ameanza darasa la kwanza, na shule ilikuwa ng'ambo ya makutano ya barabara, pale malori ya viwandani yanapokutana na magari ya kwenda mjini. Taa hakuna, alama hata moja chini hakuna. Nilikuwa namvusha asubuhi, kisha nakimbia kazini, nafika nimechelewa. Siku moja msimamizi akaniambia nikichelewa tena nisijisumbue kuingia. Kwa hivyo ilikuwa nipoteze kazi ama mtoto avuke peke yake, na mtoto wa jirani alikuwa amegongwa pale pale. Alipona, lakini mguu haukunyooka tena. Nilikuwa silali, nakwambia kweli.

Si kwamba tulinyamaza. Barazani kwa chifu tulienda. Kwa kanjo, wale wa baraza la jiji, tulienda, tukakaa kwenye benchi mpaka wakafunga afisi. Kila mara tunaambiwa jambo hilo linashughulikiwa.

Sasa, kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga alikuwako mama mmoja kutoka magharibi mwa nchi, Mama Nekesa, mtu wa kanisa la kanzu nyeupe na ngoma. Mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi, na kubembeleza watu hakujua. Jumapili jioni tukiwa tunaanua nguo akasema, "Nyinyi hamjaona? Sisi tukipita na bendera na ngoma siku ya ibada, hata lori linasimama. Kesho tunapita hivyo hivyo na watoto."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Kumbe! Asubuhi namkuta kando ya barabara na kanzu yake, ngoma begani, watoto wa shule wamepangwa wawili wawili, wafanyakazi wa viwandani nyuma yao. Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke. Mimi nilikuwa wa kanisa la kinanda, na wenzangu wa kazini walikuwa wanatazama. Nikamshika Wanjiku mkono, nikasimama pembeni kama mtu asiyewajua wale.

Mama Nekesa akaniona. Sauti hakushusha. "Mama Wanjiku, unaogopa kuchekwa kuliko unavyoogopa mtoto kugongwa?"

Kila mtu alisikia. Nilikasirika, nikaona haya, na moyoni nilijua amesema kweli. Nikaingia kwenye mstari. Ngoma ikalia, tukatoka, na malori yakasimama. Makanga mmoja wa matatu akachungulia mlangoni akapiga kelele, "Wee mathee, leo si Jumapili bana!"

"Basi shuka tukuombee!" Mama Nekesa akamjibu, na mkono wake haukuacha ngoma.

Tulivuka tukicheka, Wanjiku anarukaruka mbele yangu. Hicho kicheko nilichokiogopa, kumbe kilikuwa kitamu hivyo.

Tukafanya hivyo kila asubuhi. Nikawa namwacha Wanjiku kwenye mstari, nafika kazini mapema. Lakini foleni ya magari ikazidi kurefuka, mizigo ikachelewa kufika viwandani, na wale madereva waliokuwa wakitutukana wakaenda wao wenyewe kwa kanjo kulalamika. Wenye viwanda nao wakapiga simu: wawekeeni hawa akina mama taa, watatumaliza na hiyo ngoma! Sisi tuliokaa kwenye benchi hatukusikizwa, lakini mizigo ilipochelewa, wee, mhandisi alikuja mbio. Ilinikera, na mpaka leo inanikera. Hata hivyo taa ziliwekwa, matuta yakajengwa, mistari myeupe ikachorwa.

Siku ya kwanza taa kuwaka, Wanjiku aliuachia mkono wangu. "Mama, wewe enda kazi. Mimi najua." Akangoja. Lori kubwa likasimama, akapita mbele yake na kibegi chake mgongoni, hata hakugeuka. Nililia pale barabarani kwa furaha, nikachelewa kazini. Msimamizi akanitolea macho, nami nikamtolea yangu.

Kwa hivyo rudi Fedha, mwanangu, uwaambie wenzako wasiache. Huyo anayewacheka kwenye simu hatakuwapo hospitalini mtoto akigongwa. Msiende afisini mmoja mmoja kukalia mabenchi. Tokeni pamoja, muonekane, na mjue ni nani akicheleweshwa atawasemea hata bila kupenda. Na ukimwona mwenzako amesimama pembeni kwa haya, usimpite. Mwite kwa jina lake, hata kama atakasirika.

Mungu akutangulie barabarani, akulinde kichwa na miguu. Akupe uzao, na akujalie asubuhi moja mtoto wako avuke peke yake, nawe ugeuke uende kazini kwako ukiwa na amani.