Tundu Lisilotoka Stoo

Saa mbili asubuhi, Absalom Ogola amepiga magoti juu ya karatasi pana kama kitanda. Yuko kwenye karakana ya mashua ufukweni mwa Kisumu, mwezi huu wa Machi 1996, na nyundo zote zimenyamaza zikimngojea. Wenzake huiita karatasi hiyo "drafti ya Mzee". Wanamcheka, ila si mbele yake.

Pembeni, kutoka juu hadi chini, ameandika sehemu za mashua, zikiwemo injini, ubao wa nyuma, mbavu, tangi na sakafu. Majina hayo hayo yanarudi juu, kutoka kushoto hadi kulia. Pale ambapo kubadilisha sehemu moja kunailazimisha nyingine nayo ibadilike, anatia msalaba ndani ya kisanduku.

"Ukigusa injini, umegusa mbao ya nyuma," anaeleza. "Ukigusa mbao ya nyuma, mbavu inalia. Mtu anafikiri amebadilisha kitu moja, kumbe ni tano."

Alijifunza kazi hii mwaka 1983, akiwa mchoraji katika kiwanda kimoja cha sukari upande wa Muhoroni. Mhandisi mmoja alibandika ukutani jedwali la mitambo ya kusaga miwa, na majina yake yote yalitoka kwenye daftari la stoo. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, Absalom, ambaye sasa ana miaka hamsini na miwili, alirudi ziwani na ujuzi wake, pamoja na mazoea ya kuanzia stoo.

Mazoea hayo ndiyo yaliyomponza.

Mwaka 1991 mdogo wake, Dalmas, aliyekuwa akisafirisha omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Usenge, alitaka injini kubwa zaidi. Absalom alijaza jedwali, akaimarisha ubao wa nyuma, akaongeza mbavu mbili. Hakuna msalaba alioupuuza. Hakuna fundi pale ufukweni aliyekuwa mwangalifu kumshinda, na hilo ndilo linalouma.

Kwenye ubao wa nyuma kulikuwa na tundu la kutosha kidole gumba. Mafundi wa huku hulitoboa bila kuambiwa, juu kidogo ya usawa wa ziwa, ili maji ya omena yachuruzike nje. Injini ile nzito ilishusha nyuma ya mashua kwa upana wa vidole vitatu. Maji yakaanza kuingia polepole kupitia tundu lile lile, chini ya magunia, mahali pasipoonekana. Mashua ilipolala ubavu, nchi kavu ilikuwa mbali. Dalmas na wenzake wawili hawakurudi.

"Mbao tulinunua, misumari tulinunua," Absalom anasema, akitazama mikono yake. "Lakini shimo nani hununua? Shimo haitoki stoo. Sasa haikuwa kwa karatasi yangu."

Tangu siku hiyo jina la Fundi Tundu limemganda. Mwaka jana aliletewa mashua mbili tu. Wateja wengine wamehamia kwa mafundi wasiouliza maswali.

Ndiyo maana watu walipigwa na butwaa mwezi Januari, Seline, mjane wa Dalmas, alipoingia karakanani kuagiza mashua. Wawili hao hawakuwa wamezungumza kwa karibu miaka mitano.

"Yuora," alimwita, kama mashemeji wanavyoitana kwa Kiluo, "hawa wengine hawaogopi kitu. Mimi nataka fundi mwenye anaogopa."

Jana Seline alirudi na ombi jipya. Anataka injini kubwa zaidi, ili samaki wake wayawahi malori ya asubuhi. Ni ombi lile lile la marehemu mumewe.

Leo mstari wa kwanza wa jedwali si wa injini tena. Umeandikwa TUNDU. Anaufuata kwa kidole: injini nzito, nyuma inashuka, basi tundu lipande. Kuliziba hakufai, maji ya omena yatajaa. Tundu likipanda, sakafu nayo ipande ili maji yalifikie. Sakafu ikipanda, mzigo unakaa juu na mashua inayumba. Dawa ni moja tu, kupunguza magunia sita.

Seline anafika saa nne. Magunia sita kila safari ni karibu faida yake yote, na kuna mafundi watakaomkubalia hata kabla hajaketi. Anasikiliza, midomo ameikaza, kisha anaweka kidole pale injini na tundu vinapokutana.

"Dalmas alikufa hapa?"

"Hapo, yuora. Hiyo boksi sikuwa nimechora."

Seline haondoi kidole. Machozi yanamtoka na hayafuti.

"Basi toa hizo magunia," anasema.

Absalom anapanga kwenda Usenge na karatasi yake, awaonyeshe mafundi wenzake waanze kuandika vile visivyonunuliwa. Lakini kwanza mashua hii ishushwe majini. Siku hiyo naye atapanda; ameomba nafasi nyuma kabisa, kando ya tundu, na Seline amemkubalia.

"Nitavua viatu," anasema. "Maji ikikuja tena, mguu yangu ndio itajua kwanza."