Mshale Kwenye Moja

Mimi ni daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, lakini huku Kilwa cheo changu ni "daktari wa vichwa", na nimeshaacha kubisha. Hospitali ya umma ninayofanyia kazi inawatibu wanajeshi wastaafu na familia zao. Kila baada ya miezi kadhaa tunashuka kusini na kliniki ya mkoba: daktari mmoja, nesi mmoja na sanduku la mafaili. Wazee wa jeshi nawapenda, wallahi. Hawachelewi, hawapenyezi mtu mlango wa nyuma, na ukiwaambia nyoosha mkono wanaunyoosha mpaka nesi anapisha. Ila nilikuwa na tabia moja mbaya, ya kuiamini karatasi yangu kuliko mtu aliyekaa mbele yangu. Mzee mmoja wa Pande ndiye aliyenitoa tabia hiyo.

Aliletwa asubuhi na mwanawe, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, aliyetoka Dar na shati lililopigwa pasi vizuri.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba," akajibu, akabaki amesimama wima mpaka nilipomwambia akae.

Mwana ndiye aliyeanza maelezo. Yeye alilelewa mjini na mama yake mzazi. Baba alipostaafu alirudi Pande akaoa mke mwingine, na huyo mama mdogo alifariki mwaka jana. Tangu hapo mzee anaishi peke yake.

"Daktari, baba amepotea. Nyumbani kuna saa ya ukutani, haisemi kweli hata kidogo. Nimeirekebisha mara tatu, na mara tatu ameirudisha kwenye uongo wake. Mara ya tatu akanifokea kama kuruta, mbele ya majirani!"

Alichotaka ni barua yangu. Nikiandika kwamba akili ya mzee imeanza kufifia, atahamishiwa Dar na nyumba ya Pande itafungwa. Ndugu walikuwa wameshakaa kikao, wanasubiri neno la daktari tu.

"Na wewe mzee unasemaje?"

"Mimi sihami," akasema. "Lakini pima. Kupimwa si kosa."

Nikapima. Nilimpa maneno matatu ayakumbuke: shati, daraja, korosho. Nikamwambia atoe saba kwenye mia, kisha saba tena, na saba tena. Akazishuka zile hesabu bila kushika kidole. Nilipomrudisha kwenye maneno akayataja mawili, daraja likamponyoka. Kwa umri wake hilo si la kutisha. Kisha nikampa karatasi achore saa.

Kipimo hicho nakipenda. Mtu anachora duara, anaweka namba, halafu unamwambia aonyeshe saa tano na dakika kumi. Ubongo unaochoka hujisema wenyewe hapo: namba zinarundikana upande mmoja, mishale inakosa pa kwenda. Mzee alichora duara safi, na namba zote kumi na mbili zikakaa kwenye nafasi zake kama gwaride. Kisha akauelekeza mshale mfupi kwenye tano na mrefu kwenye mbili.

Sasa, kila mtoto wa shule anajua kwamba ikiwa saa tano, mshale mfupi unakaa kwenye kumi na moja. Ndivyo tulivyozoea: jicho linaona kumi na moja, mdomo unasema tano, na hakuna anayeuliza kwa nini. Nikakunja uso, nikaandika: ameshindwa. Nikavuta karatasi ya barua, nikaanza kuandika. Mwana akashusha pumzi, nami nikamchukia kwa pumzi ile, ingawa kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

"Hata ya mkononi ni hivyo hivyo," mwana akaongeza, akamshika baba yake mkono na kuuleta mezani. "Ona mwenyewe. Inasema saa kumi na dakika ishirini, asubuhi yote hii!"

Nikaitazama saa ya mzee, kisha simu yangu. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Nikaitazama tena, na hapo udadisi ukanishika, nao ukinishika sisikii hata nikiitwa kula. Saa mbovu huchelewa dakika mbili leo, tano kesho. Hii ilikuwa imekosea saa sita kamili, na dakika zake zilikuwa sawasawa na za simu yangu. Upotevu gani huu wenye nidhamu hivi?

"Mzee, nani aliiweka saa hii namna hii?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ndiyo kwanza mtu anauliza," akasema. "Huyu aliirekebisha, hakuuliza. Wewe umeniambia nichore, nimechora, umeandika. Hukuuliza."

Lo! Nesi akajifanya anatafuta kitu sandukuni. Nikaiweka kalamu chini. "Haya mzee, nimeuliza sasa."

Akasimulia kwa kifupi, kama anayetoa taarifa kwa mkubwa wake wa kazi. Marehemu mkewe alikuwa na kifafa. Shule hakwenda, ila namba alizijua. Alipewa vidonge, akaambiwa ameze saa moja asubuhi na saa moja jioni, naye akatii. Waliinunua ile saa ya ukutani kwenye duka la Mhindi pale Masoko kwa ajili ya dawa hizo tu. Basi mama wa watu akawa anaitazama, na mshale mfupi ukifika kwenye moja, anameza. Yaani saa saba mchana. Ukifika tena kwenye moja ni saa saba usiku, na yeye yuko usingizini. Ikawa kidonge kimoja kwa siku badala ya viwili. Mume anashinda shambani, anajua kwamba mkewe anafuata amri. Miezi ile alianguka mara nyingi, na siku moja akaangukia jikoni, mkono ukaingia motoni.

"Nikamuuliza, dawa umemeza? Akasema nimemeza, saa moja kamili. Akanionyesha ukutani kwa mkono uleule wenye bandeji. Nikatazama pale anapoonyesha. Kosa halikuwa lake, daktari. Aliambiwa moja, akameza kwenye moja."

Mwingine angemfundisha mke kusoma saa kama sisi. Yeye aliigeuza saa: aliisogeza mishale kwa saa sita, ili ikitimia saa moja mshale mfupi uwe kwenye moja kweli. Aligeuza ya ukutani, akageuza na ya mkononi mwake, ili wakiulizana wapate jibu moja. Siku aliyoipeleka kubadili betri, mwenye duka akamwambia, "Mzee, umeiharibu," akamwekea sawa. Alipofika nyumbani akaigeuza tena.

"Nikamwambia mke wangu, hii haitakudanganya tena. Kutoka siku ile hakuanguka, mpaka alipoondoka kwa maradhi mengine." Akamgeukia mwanawe. "Sasa amekufa, niifanye iongope?"

Muda wote huo mwana alikuwa ameushika ule mkono wa baba yake, kama mtu anayeonyesha ushahidi. Akauachia. Kisha akaushika tena, safari hii kiganja kwa kiganja.

Niliona aibu, na papo hapo nikaona furaha, maana si kila siku mtu anakuletea jambo usilolijua kwenye kazi uliyoifanya miaka. Nikaichana barua niliyoianza, nikaandika nyingine: mzee ana akili timamu, amesahau neno moja kati ya matatu, na anaweza kuishi nyumbani kwake. Mwana akaisoma mara mbili, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Kikao nitakiambia mimi," akasema. "Baba abaki."

Hapo ningenyamaza, lakini nina ulimi. "Mzee, hebu niambie, nani huyo aliyemwandikia mgonjwa saa moja bila kumwonyesha mshale unakaa wapi? Mzembe gani huyo?" Nilikuwa tayari kumsema, yeyote yule, mpaka ajute kusomea utabibu.

Mzee akafungua kijalada cha kitambulisho chake cha jeshi, akatoa kifuko cha dawa cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Akakinyoosha mezani kwa kidole gumba. Wino ulikuwa umepauka, lakini ulisomeka: *saa 1 asubuhi, saa 1 jioni*. Mkia wa ile j ulijipinda na kurudi juu kama ndoana.

Ninayemjua anayeandika j namna hiyo ni mmoja tu. Miaka yangu ya kwanza ya kliniki ya mkoba hatukuwa na nesi, na dawa nilikuwa nagawa mwenyewe.

"Mzee," nikasema, "huu mwandiko ni wangu."

"Najua. Uliandika mimi nipo."

"Mbona hukuniambia tangu umeingia?"

Alikikunja kifuko chake kwa mikunjo ileile, akakirudisha kwenye kijalada, akasimama.

"Nilitaka kuona kama siku hizi unauliza."