Pole ya Gari Jekundu

Jirani yangu hakazi skrubu ya gari lake bila kuliambia pole. Ni gari dogo la mbio, la zamani, jekundu, viti viwili tu, na mkewe huliita mke mwenza. Kila Jumapili hufunua boneti, hutega sikio kama anayesikiliza mtoto akipumua, kisha hukaza kitu polepole kwa vidole vyenye grisi hadi kwenye kucha. "Pole mama, tumemaliza."

Jumapili iliyopita alimpa mkewe ufunguo kwa mara ya kwanza. Gari lilipopotea kwenye kona, alibaki getini akifuta spana iliyokwisha kung'aa. Nilimsalimia, akatega sikio kuelekea kwenye kona. Hatimaye mngurumo ukasikika tena, mzima, bila kukohoa, na mabega yake yakashuka. Gari liliposimama nilijua atakimbilia boneti. Aliipita, akafungua mlango wa dereva.

"Pole," akasema.

Mkewe akacheka, akaupigapiga usukani. "Unamwambia nani, mimi au mwenzangu huyu?"

"Wewe. Huyu nimemsikia tangu kwenye kona kwamba ni mzima. Wewe sikuwa nakusikia."